Haki ya Njia: Kuuzunguka Mji wa Mombasa kwa Baiskeli



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wiki hii sikuandika juu ya mirathi wala adabu za ndoa kama mlivyonizoea. Nimeandika juu ya baiskeli. Najua wapo watakaotabasamu, na wapo watakaouliza mtu wa makamo yangu anatafuta nini juu ya magurudumu mawili. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwani safari ninayoisimulia ilinifikisha kwenye deni lililopita miaka 40, nami sikujua kwamba bado nadaiwa.

Jambo lilianza kwa daktari. Mwaka juzi nilipimwa nikakutwa na sukari. Daktari mwenyewe alikuwa kijana niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Aliniandikia dawa, kisha akaniuliza kwa heshima, "Ustadh, kutoka nyumbani hadi madrasa unakwendaje?" Nikamwambia napanda tuktuk. Akanyamaza, na kule kunyamaza kwake kukaniaibisha kuliko maneno. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Somo hilo nimelisomesha mara nyingi, na siku zote nilidhani linawahusu wanafunzi. Jioni ile nilikwenda kwa fundi wa baiskeli Mwembe Tayari, nikanunua baiskeli kuukuu, nyeusi na nzito, yenye karia nyuma na kengele iliyoshika kutu.

Njia ya kwanza: Kisiwa

Njia ninayompendekezea kila anayeanza ni ya kukizunguka kisiwa. Hutoka baada ya sala ya Alfajiri, nuru inapoanza kuonyesha ukingo wa paa. Naanzia Mji wa Kale, karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao inasimuliwa kwamba ulijengwa mwaka 1570. Vichochoro ni vyembamba, na mwenye baiskeli hana budi kwenda polepole, kwa kuwa paka wa mji huu hawampishi mtu. Ni katika mitaa hii ambapo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwasemeza watu wake kwa lugha yao na kuwahimiza wasiwanyime watoto wa kike elimu. Kila nikipita hapo namwombea rehema, kwani sisi tunaoandika katika kurasa kama hizi tunatembea juu ya nyayo zake.

Nashika Ndia Kuu hadi Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Kutoka hapo naingia Kizingo, nakwenda hadi ufuo wa Mama Ngina, uliotengenezwa upya mwaka 2019. Asubuhi mahali hapa ni patulivu, magari ni machache, mibuyu mikongwe imetanda, na meli ziingiazo Kilindini hupita karibu hata ukataka kuzisalimu. Kwa mama anayetaka kumfundisha mtoto kupanda, au anayetaka kujifunza mwenyewe, sijaona mahali bora kisiwani.

Mbele ni kivuko cha Likoni na umati wake. Nakipita, nageukia Mbaraki, kwenye nguzo ya mawe ya matumbawe iliyosimama kando ya msikiti tangu karne ya 18. Nilizaliwa katika mji huu, nikaoa humu, nikazikia wazazi wangu humu. Na nguzo ile sikuwahi kuisogelea hadi niliponunua baiskeli. Garini ilikuwa ikipita nyuma ya kioo kama jina la mtu usiyemjua.

Kuanzia hapo njia inakaza. Malori ya bandari hujaa upande wa Shimanzi hadi Makupa, na dereva aliye juu kabisa hamwoni aliye chini. Sehemu hiyo mimi hushuka nikaikokota baiskeli pembeni, na sioni aibu. Ukishavuka Makupa unaingia Tononoka na Tudor, ambako kila mlango unatoa harufu ya mahamri na mbaazi, nami mwenye sukari napita kama mtu aliyefunga. Kisha unateremka taratibu kurudi mjini. Safari nzima, kwa mwendo wa mtu mzima na mapumziko mawili, haipiti saa moja na nusu.

Katika mzunguko huo nilijifunza jambo moja kubwa. Mtume (S.A.W.) aliwakataza maswahaba kukaa njiani, walipomwambia kwamba hawana budi, aliwaagiza waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Miaka yote niliisomesha hadithi hii nikiwa na wale wakaao barazani katika fikira zangu. Sikufikiri juu ya wale wapitao. Aliye garini amefunga vioo. Hasalimu wala hasalimiwi. Aendaye kwa miguu husalimu watu wachache kwa kuwa hafiki mbali. Lakini mwenye baiskeli ana mwendo wa salamu: ni mwepesi wa kutosha kufika Tudor kabla jua halijapanda, na ni wa polepole wa kutosha kumtolea salamu muuza kahawa, akaisikia na jibu lake likakufikia. Katika mwezi wangu wa kwanza niliwajua watu wengi wa mji wangu kuliko nilivyowajua katika miaka 20 ya tuktuk.

Kabla ya kushika njia ndefu, uliza upepo

Aliyezoea kisiwa atatamani kuvuka maji. Hapo yafaa akumbuke mwenendo wa wazee wetu wa majahazi, ambao hawakung'oa nanga bila kuuliza upepo. Baiskeli nayo ni chombo cha upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba unavuma Kusi. Katika majira hayo enda kusini kwanza, wakati ungali na nguvu, ili urudi ukisukumwa mgongoni. Kuanzia Desemba hadi Machi unavuma Kaskazi. Basi enda upande wa Mtwapa, na upepo utakurudisha nyumbani. Niliipuuza kanuni hii mara moja tu. Nilirudi kutoka kusini upepo ukinijia usoni, nikafika Likoni baada ya Adhuhuri, ulimi umekauka kama kigae.

Njia ya kusini huanzia kwenye feri. Simama karibu na ukingo na baiskeli yako, usome dua ya safari, na uwakumbuke wale walioghariki Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994. Wapo miongoni mwetu ambao hadi leo hawapandi feri bila kutetemeka. Ng'ambo, barabara inapita Likoni na mashamba ya minazi hadi Tiwi, na mwisho wangu huwa ni Msikiti wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema, karibu na Diani. Ni msikiti wa mawe wa zama za kale, uliozungukwa na mibuyu, na bado unasaliwa. Kwenda na kurudi ni safari ya siku nzima, yafaa kwa vijana wenye nguvu au kwa mtu atakayepumzika huko hadi Alasiri.

Swali la binti yangu

Ninaye binti wa miaka 13. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinifungulia mlango nirudipo asubuhi, akiuliza nimeona nini. Siku moja hakuuliza nimeona nini. Alisema, "Baba, nami nifundishe, twende pamoja."

Nilimjibu hapohapo, kabla sijafikiri. Nilisema, "Watu watatucheka."

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Hakuinua uso. Aliuliza tu, "Watu gani hao?"

Nilifungua kinywa kuwataja, nisipate jina hata moja. Niliingia chumbani kwa kisingizio cha kutafuta kitabu, nami nilikuwa nimeshikwa na kitu kingine. Sentensi ile haikuwa mpya mdomoni mwangu. Niliwahi kuisema nikiwa na umri wa miaka minane.

Sisi tulikaa Kibokoni. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alifanya kazi bandarini, na alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoipenda kama wengine wapendavyo farasi. Dada yangu mkubwa alikuwa na miaka 12. Mchana baba alipolala baada ya sala ya Adhuhuri, dada aliitoa baiskeli polepole, akaenda nayo katika kichochoro cha nyuma, akajifunza peke yake. Hakufika kitini, alipanda kwa kuupitisha mguu chini ya chuma cha juu, mwili umepinda upande mmoja, na hata hivyo alikwenda. Mimi niliwekwa pembeni niangalie kama mtu anakuja, na ujira wangu ulikuwa mabuyu. Siku moja nilitaka nami kupanda, akanikatalia kwa kuwa nilikuwa mdogo na baiskeli ingeniangukia. Nilikasirika. Jioni nilikwenda kwa baba nikamwambia. Na kwa kuwa niliona habari yenyewe haitoshi, niliongeza: "Na watu wanaicheka nyumba yetu."

Hakuna aliyecheka. Katika kichochoro kile sikuwahi kumwona mtu akicheka. Lakini baba alikuwa mtu wa heshima yake, na maneno yale yalimchoma. Hakumpiga dada. Aliifunga baiskeli kwa mnyororo na kufuli, akamwambia asitoke nje bila ruhusa. Jambo likaisha, au mimi nilidhani limeisha.

Nimewasomesha watoto wa watu ubaya wa fitina kwa zaidi ya miaka 25. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee aliyenisomesha fikihi, ambaye sasa hatoki nyumbani. Nikamweleza habari ya binti yangu. Hakunifungulia kitabu. Aliniuliza, "Atakuwa na stara?" Nikasema naam. "Atakuwa salama, nawe uko pamoja naye?" Nikasema naam. "Sala haitampita?" Nikasema haitampita. Akasema, "Basi hili uliloniletea si la fikihi, ni la majirani. Na mimi si mufti wa majirani." Kisha akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nikilijua: kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashindwa, na baadaye akamshinda, na hakuona kwamba heshima yake imepungua katika lolote kati ya hayo mawili.

Nilimtafutia binti yangu baiskeli isiyo na chuma cha juu, yenye bati la kufunika mnyororo ili nguo isinaswe. Mama yake alimshonea suruali pana na kanzu iliyofika chini ya magoti, na mtandio wa kufungwa vizuri usiopeperuka. Tulijifunzia uwanja wa Makadara, asubuhi mapema. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na kikapu alisimama, akasema, "Mashaallah, tazama mbele, usitazame gurudumu." Ulikuwa wasia bora kuliko wangu. Siku zote hizo alicheka mtu mmoja, kijana wa mkokoteni, naye alicheka kwa sababu niliyeanguka ni mimi.

Njia ya kaskazini: hadi Jumba la Mtwana

Ilipofika Februari, Kaskazi ikivuma, binti yangu alikuwa amekwisha kukizunguka kisiwa mara kadhaa. Nikamwambia kwamba Jumamosi tutakwenda kwa shangazi yake Mtwapa. Hakujua kwamba mimi nilikuwa na haja yangu.

Tulitoka saa kumi na mbili. Daraja la Nyali lina njia ya waendao kwa miguu, na hapo tulishuka tukakokota, kwa kuwa wakati huo wauza maziwa na madafu wanaingia mjini na baiskeli zao zimesheheni, nao wana haki ya kupishwa. Daraja hili la saruji ni la mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931, ambalo nililiwahi utotoni. Binti yangu aliuliza daraja linaelea vipi na magari yapo juu yake. Nilimweleza juu ya yale maboya, akatazama maji kwa muda, akasema, "Na watu walipita tu?" Nikamwambia naam, walipita tu.

Ng'ambo tulifika Kengeleni. Watu wengi hulitaja jina hili kila siku ndani ya matatu bila kuuliza kengele iko wapi. Ipo, imesimama njia panda. Katika miaka ya 1870 Wamisionari wa Kiingereza walianzisha hapa Frere Town, kijiji cha watu waliookolewa kutoka utumwani, na kengele ilipigwa kuwaonya wanakijiji pindi wateka watumwa walipokaribia. Nilimweleza hayo bila kuficha kwamba miongoni mwa waliouza na kununua watu walikuwamo pia waliosali kama tusalivyo sisi. Alinyamaza. Tulipoondoka alipiga kengele ya baiskeli yake mara moja tu, wala hapakuwa na mtu mbele.

Kutoka hapo barabara ya Malindi haina huruma. Matatu husimama ghafla, na bodaboda hutokea kila upande. Penye njia za ndani tulipita njia za ndani, ijapokuwa ni ndefu zaidi, na penye msongamano tulishuka. Bamburi tulipumzika penye mivinje. Wenye umri wangu wanakumbuka wazee wakisema kwamba pale palikuwa jangwa la mawe. Kiwanda cha saruji kilianza katika miaka ya 1950, kikachimba matumbawe hadi ardhi ikabaki nyeupe, pasiote kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika mashimo yale, na mvinje ukakubali. Lakini majani yake yalianguka yakakauka bila kuoza, hata wakaletwa jongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu, na ndani yake zilitengenezwa njia za waendao kwa miguu na wapandao baiskeli, mbali na magari. Binti yangu alimwona jongoo mmoja akivuka njia yetu, akaizungusha baiskeli ampishe. Nikasema moyoni kwamba huyu ameshajua haki ya njia.

Tulipita Shanzu, tukavuka daraja la Mtwapa, na hapo ningepaswa kuingia kwa dada yangu. Nilipita. Nilimwambia binti yangu kwamba tuendelee kwanza hadi Jumba la Mtwana, kilomita chache mbele. Ukweli ni kwamba nilikuwa naahirisha.

Jumba la Mtwana ni magofu ya mji wa Waislamu wa karne ya 14, uliohamwa katika karne iliyofuata. Misikiti, nyumba za mawe, visima na makaburi vimebaki chini ya miti mikubwa, na bahari iko hatua chache. Kwenye Msikiti wa Baharini kuna birika la udhu, na kando yake kaburi lenye aya ya kukumbusha mauti. Vilevile kuna sehemu ambayo watafiti wameitambua kuwa chumba cha wanawake. Nilimwonyesha binti yangu. Aliingia, akasimama humo peke yake, akagusa ukuta. "Kwa hiyo nao walikuwa wakija hapa," alisema. Walikuwa wakija, zaidi ya miaka 600 iliyopita, kwa miguu yao, katika jua hili hili, na wenye mji waliwajengea mahali. Mara ngapi tumejenga misikiti katika zama zetu, tukakumbuka feni na zulia, tukasahau mlango wa mama zetu?

Deni

Dada yangu alitupokea mlangoni. Binti yangu alimbusu mkono. Dada alizitazama zile baiskeli mbili zilizoegemezwa ukutani kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatukaribisha ndani, akatuletea madafu na mihogo.

Binti yangu alipokwenda kucheza na binamu zake, nilisema, "Dada, unaikumbuka baiskeli ya marehemu baba?"

"Kwani tulikuwa na baiskeli ngapi?" alijibu.

Nikamwambia kwamba niliyempelekea baba habari ni mimi.

"Hilo nalijua," alisema. "Nililijua siku ile ile. Mlinzi alikuwa mmoja."

Nikamwambia kwamba si hilo tu. Nilimwambia baba kuwa watu wanaicheka nyumba, na ulikuwa uongo, hakuna aliyecheka.

Hapo aliweka kikombe chini. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hilo nilikuwa silijui. Baba aliniambia, 'Watu wanacheka.' Nami nikaamini. Miaka yote nikipita Kibokoni nilikuwa nikiwatazama nyuso, nikijiuliza alikuwa nani."

Ndugu zangu, nilidhani nilikuwa nadaiwa baiskeli. Kumbe nilikuwa nadaiwa mtaa mzima. Nilimnyang'anya dada yangu mtaa aliozaliwa, akautembea tangu utoto hadi utu uzima kama mtu anayetazamwa, na hapakuwa na aliyemtazama. Nilimwomba radhi. Alijibu kwamba Allah atusamehe sote, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akatoka nje.

Nilimkuta kwenye baiskeli ya binti yangu. Alikuwa ameibonyeza breki ya mbele, kisha ya nyuma. "Hii ya nyuma imelegea," alisema. "Mtoto asirudi nayo hivi." Alimwagiza mwanawe alete spana, akaikaza mwenyewe. Halafu akashika usukani, akaikokota hadi mwisho wa uwanja na kurudi, akapiga kengele. Nilimuuliza kama angependa kujaribu. Akacheka, "Kwa magoti haya?" Kisha akamwambia binti yangu, "Wiki ijayo, njoo mapema kabla ya jua."

Tulirudi na upepo mgongoni, hata pedali zikawa nyepesi.

Nasaha kwa wasomaji

Anayetaka kuanza aanze na kisiwa, asubuhi mapema, na arudi kabla ya saa nne. Achukue maji, tende chache, pampu na spana, na avae kofia ngumu ya kukinga kichwa. Mwenye sukari amuulize daktari wake kwanza. Wanawake wachague nguo zenye stara ambazo hazitaingia katika mnyororo, na ni bora waende wawili au zaidi, au pamoja na mahramu wao, kwa usalama na kwa utulivu wa moyo. Wenye magari nawaomba kwa Allah: mnapompita mwenye baiskeli, mwachieni nafasi. Kuondoa maudhi njiani ni katika imani, na wakati mwingine maudhi yenyewe ni mwendo wetu.

Na kwa akina baba wenzangu nina neno moja. Mtoto wako atakapokuomba jambo la kheri, nawe ukahisi ulimi wako unataka kusema kwamba watu watacheka, jiulize kwanza, "Watu gani hao?" Kama huwezi kuwataja kwa majina, basi usimtwike mtoto wako mzigo wa kuwatafuta maisha yake yote.

Namwomba Mwenyezi Mungu aihifadhi miji yetu, azilinde njia zetu, awasamehe wazee wetu waliotangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipa njia haki yake, tukikaa na tukipita. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.